Mikono ya Bibi Arlys Kwenye Kuta za Brannock

Babu yangu Lumir Vondra alichora watu wa Brannock zaidi ya miaka hamsini, na mji mzima ulimwita Mikono Mfukoni. Wala si kwa kumsengenya. Mbele yake kabisa, kanisani, kwa kinyozi, hata kwenye bahasha. Nyumbani tunayo barua ya mwaka 1963 iliyoandikwa juu "Bwana Mikono Mfukoni, Brannock, Nebraska", basi. Na ikafika.

Jina lilimganda hivi. Mwaka 1959 ana miaka ishirini na mitano, kazi yake ni kuandika majina ya wenye malori kwenye milango ya malori yao, na msimu ukiwa mbaya anapaka rangi maghala ya mahindi. Lakini sura alikuwa anaziweza. Alijifunza kwa posta, kozi fulani ya uchoraji iliyokuwa inatuma somo moja kila mwezi. Somo la nane lilikuwa masikio. Somo la tisa lilikuwa mikono. Katikati hapo baba yake akaanguka kutoka juu ya ghala akavunjika nyonga, Lumir akarudi shambani, na elimu yake ikaishia masikioni. Ndiyo maana mpaka leo picha ya Vondra unaijua kwa masikio. Masikio ya Vondra unaweza kuyanong'oneza umbea.

Sasa kikosi cha zimamoto cha kujitolea kikataka picha ya kutundika kwenye banda la gari lao. Wanaume watano, picha moja kubwa. Wakakaa, wakachorwa, kila mmoja akaiona sura yake akaridhika. Siku ya kuifunua mji mzima ukaja, akina mama wakaleta kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu katikati, shuka likavutwa. Wanaume watano wa zimamoto wamesimama mbele ya gari lao jekundu, na wote watano mikono iko mfukoni. Mikono kumi. Hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo.

Halafu kinyozi, Stanley Brabec, akasema kwa ile sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe lakini anataka asikike mpaka mlangoni: "Kumbe ndiyo maana ghala la Sedlacek liliteketea."

Imeisha hiyo. Kolache hazijaisha mezani, jina limeshazunguka ukumbi mara mbili. Jumapili padri akamuombea kwa jina hilo hilo, akajirekebisha, lakini wapi, kanisa zima lilikuwa limeinamisha vichwa linatetemeka kwa kicheko.

Nacheka hapa, ila mimi naandika kwa sababu ya picha moja tu, ya mwisho. Picha hiyo ilikaa kwenye kibaraza chake cha nyuma miezi miwili mizima, imekamilika kila kitu isipokuwa mikono. Mzee ana miaka themanini na nane, siku ya kuitundika imeshatangazwa, na mikono haichori. Sisi hatukujua kama hataki au hawezi. Ili muelewe lazima kwanza mumjue Bibi Arlys.

Bibi alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mayai, kukagua mayai kwa taa, moja moja, kutwa nzima. Majira ya baridi ya 1960 alimleta mama yake achorwe. Akarudi wiki mbili baadaye kuona picha, akaiangalia sana.

"Mama yangu mikono yake iko wapi?"

"Chini ya blanketi," Lumir akasema.

"Blanketi la nini? Alikaa hapa na gauni lake la Pasaka."

"Niliona kama atasikia baridi."

"Kaka yangu, wewe mikono huwezi."

"Siwezi."

"Umewahi kujaribu?"

"Nijaribu na nani? Hawa wakulima ukimaliza sura tu wameshaangalia saa, ng'ombe wanangoja kukamuliwa."

Arlys akavuta kiti, akavua glavu, akaiweka mikono yake miwili mezani kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. "Haya. Mimi ng'ombe sina."

Mama yake akaenda dukani, akarudi, akalalamika, akakaa, akasinzia. Lumir bado yuko kwenye kidole cha pili. Wengine bibi zao walitongozwa kwa maua, wa kwetu alitongozwa kwa kuambiwa "usisogeze gumba." Juni mwaka uliofuata wakafunga ndoa.

Na toka siku ile, mikono yote iliyochorwa na Lumir Vondra ni ya mke wake.

Mpango ulikuwa huu. Kwetu watu wanachorwa mavuno yakishaingia, Novemba mpaka Machi, kwa sababu hakuna mkulima atakayekaa kitini mahindi yako shambani. Unakuja Jumamosi mbili, unakaa kwenye kile kiti cha ngozi pale kibarazani, unachorwa sura, unakwenda zako. Kazi kubwa kwenye sura ilikuwa paji la uso. Mwanaume wa Brannock amevaa kofia ya kampuni ya mbegu toka Aprili, uso mwekundu kama nyanya, akiivua hapo juu mweupe kama maziwa, na mstari katikati umenyooka utadhani umepigwa kwa rula. Wake zao wakawa wanampigia simu Babu pembeni: "Lumir, ule mstari usimwekee." Na yeye anauweka. Alisema haiwezekani achore asichokiona wala aache kuchora anachokiona. Ukutani kwetu Brannock kuna wanaume wengi wa rangi mbili.

Mtu akishaondoka, Jumapili baada ya kanisa na chakula, Bibi anaingia kibarazani na kahawa yake. Redio inapiga polka. Aliyechorwa akiwa hakimu, Bibi anashikishwa kalamu, akiwa padri anashikishwa kitabu cha nyimbo, akiwa daktari wa mifugo anashika kamba. Anakaa hapo, Babu anachora, na wanaongea. Mama yangu, Renae, binti yao, anasema amekulia nyuma ya ule mlango akisikia sauti zao zikipishana na polka na harufu ya tapentaini ikipishana na kabichi, na mpaka leo akisikia harufu ya tapentaini anasikia njaa.

Tatizo ni kidole. Bibi alipokuwa na miaka tisa alibanwa na mfuniko wa kopo la maziwa, kidole kidogo cha mkono wa kulia kikavunjika, kikapona vibaya. Kikawa kinaelekea nje, kama kinamwelekeza mtu kwa jirani.

"Hiki ninyooshee," alimwambia Babu mara ya kwanza. "Si una brashi?"

"Siwezi kuchora nisichokiona."

"Lakini huu si mkono wangu, ni wa hakimu."

"Hakimu hayupo hapa. Wewe upo."

Ndiyo hivyo. Hakimu kidole kimepinda. Padri kimepinda. Na kwa sababu kila picha ilikwenda kwenye ukuta wake, mmoja mahakamani, mwingine sebuleni kwao huko mashambani, miaka kumi na saba hakuna aliyegundua.

Mwaka 1978 benki ikamstaafisha meneja wake wa tatu, ikampa Babu kazi ya kumchora kama wale wawili wa kwanza, halafu ikafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Ikatundika mameneja wote watatu kwenye mstari mmoja, bega kwa bega. Dada mmoja wa kaunta, Lucille Prochazka, alikuwa anakaa akitazamana nao kutwa. Siku ya nne akainuka, akaenda karibu, akaangalia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi kwenye simu.

Mpaka saa sita mchana mji ulikuwa unazunguka unaangalia vidole. Watu waliingia mahakamani bila kesi. Wengine wakawa wanagonga milango ya watu: "Samahani mama, naomba nimwone marehemu mumeo kidogo." Na kila walipokwenda kimepinda. Kinyozi Brabec alifunga duka nusu siku na hakuwahi kufunga duka hata alipozaliwa mtoto wake.

Aliyekuwa anangojwa na wote ni Kocha. Rudy Chmelar, kocha wa timu ya shule, mtu ambaye akikushika bega unahisi umeegemewa na fahali. Picha yake ilikuwa kwenye korido ya shule toka 1975, amekumbatia mpira, na sasa kila mtu alikuwa anaona wazi kwamba yule fahali ana vidole vyembamba vya mwanamke anayekagua mayai. Wanafunzi wake walikuwa wameshaanza kumpa mkono kwa adabu sana, kwa ncha za vidole.

Akaja nyumbani. Mama yangu ndiye aliyefungua mlango. Kocha akaingia mpaka jikoni, kofia mkononi.

"Arlys, hebu nione."

Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akampa. Kocha akaishika, akaigeuza, akakiangalia kile kidole muda mrefu.

"Mimi nakupa mkono kila Jumapili mlangoni pa kanisa," akasema. "Miaka yote hiyo nasalimiana na mimi mwenyewe."

"Pole, Rudy," Bibi akasema.

"Lumir yuko wapi?"

"Amejificha ghalani."

"Mwambie atoke. Mwambie sitaki ibadilishwe." Akavaa kofia. "Mke wangu anasema ndiyo sehemu pekee kwenye ile picha inayopendeza."

Hakuna aliyerudisha picha. Hata mmoja. Mambo yakageuka, watu wakawa wanakuja wanasema kabisa, nataka sura yangu na mikono ya Arlys. Ikawa kama ubatizo. Hujawa mtu wa Brannock kamili mpaka uwe na kidole kile.

Nimewaeleza kwa urefu kwa sababu natamani ningekuwepo. Mimi nilizaliwa wakati ule mji umeshaanza kupungua, kinyozi hakuna, banda la zimamoto limekuwa sehemu ya kuuza matairi. Niliwahi tu zile Jumapili za mwisho mwisho, Babu kashapunguza kazi, picha moja kwa mwaka. Niliwakuta bado wanabishana kama kabichi itiwe sukari.

Bibi alifariki Oktoba 2016. Saratani ya kongosho, wiki saba toka daktari alipotuambia. Babu akafunga mlango wa kibaraza. Akija mtu kutaka picha anamwambia, "Mchoraji amefariki."

"Nani?"

"Arlys."

Miaka mitano ikaenda hivyo. Rangi zikakaukia kwenye tyubu zake.

Halafu wakatangaza kwamba shule yetu inafungwa, watoto watapelekwa mji wa pili kwa basi. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya tatu ya Mei, 2022. Waliowahi kusoma pale wakakaa, wakasema kabla hawajafunga wanataka picha moja itundikwe ukumbini na ibaki pale jengo likigeuzwa kituo cha wazee. Wakapendekeza wakuu wa shule, wakapendekeza wachezaji. Mwisho wote wakakubaliana kwa mtu mmoja. Dorrine Teply, mpishi wa shule, miaka arobaini na moja jikoni. Kama ulisoma Brannock, Alhamisi yako ilikuwa maharage ya nyama na pilipili pamoja na skonzi la mdalasini la Dorrine. Watu walikuwa wanaacha kuumwa siku ya Alhamisi.

Mama akaenda kumwambia Babu, amejiandaa kukataliwa.

"Dorrine," Babu akasema. "Zile wiki saba alileta chakula kila siku, na hakuniuliza hata mara moja Arlys anaendeleaje." Akautazama mlango wa kibaraza. "Huyo siwezi kumkatalia."

Dorrine akakaa Jumamosi nne, Januari mpaka Februari. Sura ikatoka, nawaambia, sura ikatoka. Yale macho ya kukuona umejificha nyuma ya mwenzako ili upate skonzi la pili. Masikio sina la kusema. Na chini, kwenye aproni, mapengo mawili meupe.

Machi yote mapengo. Aprili mapengo. Kamati wakaanza kumpigia simu Mama kwa ile sauti ya upole inayotisha. Wakasema wanaelewa kabisa, mzee amechoka, basi watakuza picha ya simu, kuna duka linachapisha kwa siku moja, wanahitaji kujua tu. Mama hakumwambia Babu. Alijua mtu ambaye amechora mji mzima akibadilishwa na picha ya simu kwenye kazi yake ya mwisho, hatatoka tena kwenye kile kiti.

Wiki ya mwisho ya Aprili tukafika tukakuta mikono ipo. Mizuri. Vidole vyembamba vimeshika kijiko cha mbao, na kile cha mwisho kinaelekeza kwa jirani. Mama akaegemea mlango. Babu amekaa na brashi, amechoka, lakini amejaa kama mtu aliyetoka kuzungumza na mtu. Nikapiga picha nikarusha kwenye kundi la familia. Mioyo ikamiminika, vilio, binamu ambao hawajaandika toka Krismasi ya 2019 wakafufuka.

Halafu mjomba Dwaine wa Omaha akaandika: "Kidole cha Mama si kilikuwa cha kulia?"

Mnayajua makundi, mtu anaandika, anafuta, anaandika. Nikainua macho nikaangalia turubai. Dorrine amepewa kilichopinda mkono wa kushoto.

Nikampa Mama simu. Akasoma. Akakaa karibu na baba yake.

"Baba, kidole cha Mama kilikuwa mkono gani?"

"Huu," akasema, na akanyoosha kidole hewani mbele yake, upande wa kushoto wake, kuelekea kiti cha ngozi ambacho hakina mtu.

"Kushoto ni upande wako wewe unayemtazama. Kwake yeye ni kulia."

Babu akaangalia kiti. Akaangalia turubai. Miaka hamsini na mitano alikuwa hana haja ya kukumbuka, kwa sababu alikuwa anainua macho tu na mkono uko pale. Sasa alikuwa ameinua macho na akauchora kutoka kichwani, na kichwa, kikikumbuka neno kushoto tu, kimempa mkono usio wake.

"Sina hakika," akasema polepole. "Renae, sina hakika. Nipeleke benki."

Nikaendesha mimi. Benki imeshauzwa kwa watu wa mjini, kuta zimekuwa za kijivu, ukutani kuna picha ya ziwa ambalo halipo Nebraska. Kijana wa mezani alikuwa mpole sana. Hakujua tunaongelea mameneja gani. Babu akasimama pale ambapo walikuwa, akagusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Twende shule."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, korido nzima inanukia mdalasini. Kocha yuko pale pale na mpira wake. Mwenyewe alishafariki zamani. Babu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa turubai. Mama na mimi tukasimama nyuma.

Dorrine akatoka jikoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Lumir, unamnusa Kocha?"

"Natafuta kidole."

"Cha nani?"

"Cha Arlys."

Akaja akasimama naye. "Si hicho hapo. Cha kulia. Alikuwa anakiinua hivi akishika kikombe, utadhani amealikwa na malkia."

"Nimekiweka kushoto."

"Umekiweka wapi?"

"Kwako."

Dorrine akamgeukia Mama, Mama akaangalia sakafu.

"Kwa hiyo mimi umenipa mikono ya Arlys," akasema.

"Kila mtu nimempa."

"Na mimi nilimpenda Arlys, sikatai. Lakini Arlys alikuwa anaunguza hata maji, Lumir, wewe unajua na mimi najua. Zile kolache za kanisani nilikuwa nampikia mimi." Akainua mikono yake miwili, unga ukadondoka. "Umenikalisha Jumamosi nne kwenye kile kibaraza chako cha baridi. Vidole ninavyo kumi. Hujaniomba hata kimoja."

"Sijui kuchora mingine," Babu akasema. "Nimesomea ya mtu mmoja tu."

"Basi leo utasoma ya pili. Kaa hapo."

Wakakaa kwenye meza za watoto, zile zenye mabenchi mafupi, magoti ya Babu yakawa karibu na masikio. Hakuwa na karatasi, Dorrine akampa ratiba ya chakula ya mwezi, upande wa nyuma. Akaweka mikono mezani bila kuinawa.

Mikono ile ilikuwa na mistari ya kuungua kuanzia kifundo kwenda juu, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi, ya vyuma vya jiko. Viungo vimevimba. Pete imezama. Gumba la kushoto kucha imepasuka katikati na haikuwahi kuungana. Babu akachora, akafuta, akachora. Saa tano na nusu watoto wakaanza kuingia na trei, na foleni ikasimama kuangalia. Kasichana kamoja ka darasa la pili kakachungulia karatasi.

"Hilo gumba limekuwa kama kiazi."

"Ndivyo lilivyo," Babu akasema.

"Ndivyo lilivyo," Dorrine akasema. "Wewe shika trei yako."

Mchana ule ule Babu alifika nyumbani akachukua kisu cha rangi akaikwangua ile mikono mizuri. Mama alitoka nje akaenda kuangalia bustani ambayo haikuwa na kitu. Mimi nilibaki. Babu alikwangua taratibu, kidole kwa kidole, na kile cha mwisho alikiacha mpaka mwisho.

Wiki tatu Dorrine alikuja kila akimaliza kazi. Ile mikono ilimtesa Babu. Ilikuwa mikubwa, ilikataa kukaa kwenye aproni, mmoja ulitoka mwekundu kuliko mwingine akauacha. Siku moja kabla ya sherehe akamwambia Dorrine aje upande huu wa turubai. Dorrine akavaa miwani. Akaangalia picha, akaangalia mikono yake, akaangalia picha.

"Imefanana na yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Siipendi."

"Nirekebishe?"

"Thubutu."

Ijumaa ya tatu ya Mei ikatundikwa. Watu mia tatu na kitu, mji wenyewe sasa hauna mia tano. Picha ilipofunuliwa, macho ya wote yakashuka moja kwa moja kwenye vidole, mazoea. Hakuna kilichopinda. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Halafu mtu mzima mmoja mwenye ndevu, dereva wa lori, akasema kutoka nyuma, "Mimi ile mikono imenipakulia miaka kumi na mbili," akaanza kulia bila aibu, na baada ya hapo ukumbi mzima ukawa vilio tu.

Baada ya keki wakaanza kushusha vitu vya korido. Kocha akashushwa. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, na alipomgeuza ili amfunge blanketi, nyuma ya turubai kulikuwa na maandishi ya penseli. Mwandiko wa Bibi. Hakuna aliyejua kwamba yapo. Mama akasoma kwa sauti:

"Februari 1975. Mikono ya Rudy. Theluji toka asubuhi. L. hajanyamaza toka saa nane."

Babu akaichukua, akaisogeza karibu na macho, akasoma mwenyewe mara mbili.

"Uongo," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaongea."

Alifariki Novemba ile ile, mahindi yote yameshaingia. Jioni ya sherehe alikuwa ametuambia kitu kimoja tu cha kufanya, tuzigeuze zote. Tunakadiria alichora picha mia moja na thelathini. Mpaka sasa tumezipata hamsini na nane, na kila moja nyuma ina Jumapili yake. Ya padri imeandikwa "Kabichi. Nimeshinda." Ya daktari wa mifugo imeandikwa "Renae ametembea leo, kutoka mlangoni hadi kwenye stuli," na Mama hakuwa anajua alianza kutembea wapi.

Kwa hiyo naomba. Kama una babu, shangazi, au hata hakimu usiyemjua ukutani, masikio mazuri na kidole cha mwisho cha kulia kinaelekea kwa jirani, mshushe, mgeuze, tuandikie Bibi amekuandikia nini. Mameneja watatu wa benki bado hatujui waliko. Na kama hukuwahi kufika Brannock lakini kwenu pia kuna mtu aliyekuwa anawachora, au anawapiga picha, au anawashonea wote nguo za harusi kwa kipimo cha mtu mmoja, hebu tuambie hapo chini alikuwa nani na mlikuwa mnamwitaje. Majina ya aibu ndiyo tunaanza nayo.